Anachokitafuta Jaji

Tarehe 18 Agosti 2024, kwenye uwanja wa gofu wa Pebble Beach, California, zawadi kuu ya mashindano maarufu kuliko yote ya magari ya kale ilikwenda kwa gari lenye rangi iliyochunika. Lilikuwa Bugatti Type 59 la mwaka 1934, jeusi lenye mstari wa manjano, bodi ina makovu na rangi imepasukapasuka. Mashindano hayo yalianza mwaka 1950, na hili ndilo gari la kwanza kutoka kundi la magari yaliyohifadhiwa bila kukarabatiwa kutwaa zawadi hiyo ya juu.

Gari hilo lina historia nzito. Mwaka 1934 dereva René Dreyfus alishinda nalo Grand Prix ya Ubelgiji, huko Spa. Baadaye kiwanda chenyewe kililigeuza, kikaliondolea supachaja na kulifanya gari la michezo la kawaida. Kisha likaingia mikononi mwa Mfalme Leopold III wa Ubelgiji, na rangi nyeusi na mstari wa manjano ni kumbukumbu ya enzi hiyo. Kama mmiliki yeyote baada ya mfalme angeamua kulikwangua na kulipaka upya, ushahidi huo wote ungeishia kwenye vumbi la msasa. Bahati nzuri hakuna aliyefanya hivyo.

Kwa miongo mingi mpaka siku ile, mshindi wa Pebble Beach alikuwa na sura inayojulikana: gari lililovuliwa hadi chuma kitupu, likapuliziwa rangi tabaka kwa tabaka, likarudi uwanjani linang'aa kuliko lilivyong'aa siku lilipotoka kiwandani. Majaji walilipa alama. Wamiliki wakaona, wakaenda kuwaagiza mafundi wao wafanye vivyo hivyo. Magari mengi ambayo yangeweza kutueleza jinsi yalivyoundwa yakafutwa midomo, na kila lililofutwa lilifutwa kwa nia njema.

Hoja ya sura hii ni kwamba jaji wa magari ya kale ana mkono katika kuyaunda magari anayoyapima. Anachokipa alama leo ndicho fundi atakachokitengeneza kesho. Anachokikata alama ndicho kitakachong'olewa na kutupwa. Kwa hiyo swali la uhalisi, ambalo wengi hulichukulia kuwa mchezo wa matajiri wanaobishana kuhusu bolti, ni swali la kipi kitasalia na kipi kitapotea.

Umalidadi kwanza

Mashindano haya hayakuanza na mambo ya ukale. Katika miaka ya 1920 na 1930, huko Ufaransa na Italia, yalikuwa maonyesho ya magari mapya. Tajiri alinunua chesi na injini, akazipeleka kwa mafundi wa bodi, nao wakamtengenezea bodi ya peke yake kama fundi cherehani anavyomshonea mteja suti kwa vipimo vyake. Mashindano ya Villa d'Este, kando ya Ziwa Como, yalianza mwaka 1929 kwa misingi hiyo. Majaji waliangalia umbo, uwiano, rangi na ufundi. Hakuna aliyeuliza kama gari ni halisi, kwa sababu lilikuwa limetoka karakana juzi.

Pebble Beach nayo ilianza hivyo hivyo. Miaka ya mwanzo zawadi kuu ilichukuliwa na magari mapya. Mwaka 1955 mambo yaligeuka. Kijana mmoja dereva wa mbio, Phil Hill, ambaye mwaka 1961 angekuwa Mmarekani wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa Formula 1, alileta Pierce-Arrow ya mwaka 1931 iliyokuwa ya familia yake, akiwa ameikarabati kwa uangalifu mkubwa. Ikashinda. Tangu hapo lango likafunguka kwa magari ya kabla ya Vita Kuu ya Pili, na ukarabati ukageuka kuwa biashara kubwa.

Ukarabati huo uliokoa magari mengi sana. Yapo yaliyokuwa yakioza mabandani, yamegeuka viota vya kuku na panya, ambayo yasingekuwepo leo bila mtu aliyetoa fedha na fundi aliyetoa miaka ya maisha yake. Mafundi hao wanastahili heshima. Tatizo lilikuja pale ukarabati ulipoacha kuwa tiba ya gari lililoharibika, ukawa sharti la kila gari linalotaka kushinda.

Gari lilivyotoka kiwandani

Tukitaka kuuelewa uhalisi kwa vipimo, twende kwa watu wa Corvette, gari la michezo la Kimarekani. Chama chao cha Marekani, National Corvette Restorers Society, kilianzishwa mwaka 1974, na karatasi yake ya alama ni miongoni mwa zilizo kali kuliko zote. Gari huanza na alama 4,510, zikagawanywa kwenye sehemu tano: namna linavyofanya kazi, ndani, nje, mitambo na chesi. Ili kupata daraja la juu linaloitwa Top Flight, gari linatakiwa kubaki na asilimia 94 au zaidi. Kila kitu kina alama zake, na kila kitu hupimwa mara mbili: je, ni kile kile au cha namna ile ile kilichofungwa kiwandani? Na hali yake ikoje?

Kipimo chao ni gari lilivyotoka mlangoni mwa kiwanda. Linganisha na chama kikongwe zaidi, Antique Automobile Club of America, kilichoanzishwa mwaka 1935. Chenyewe hupima kwa alama 400, na kigezo chake ni gari ambalo wakala angeweza kuliandaa ili kumkabidhi mteja. Tofauti inaonekana ndogo, lakini matokeo yake ni makubwa. Wakala angeweza kung'arisha gari na kulifungia vifaa vilivyouzwa dukani kwake. Kiwanda hakikuwa na muda huo. Katika kiwanda cha St. Louis, Missouri, ambako Corvette ziliundwa kuanzia mwaka 1954 hadi 1981, mstari wa kuunganishia magari haukumsubiri mtu. Rangi ilipuliziwa na watu waliokuwa wakikimbizana na saa. Sehemu za chini, ambazo mteja hatazitazama, zilipata rangi hafifu, na mahali pengine vumbi la rangi lilitua pasipotakiwa. Wakaguzi waliandika alama zao kwa chaki na kwa penseli ya nta juu ya chuma.

Ndiyo maana jaji aliyekomaa wa Corvette anaweza kulikata alama gari kwa sababu limependeza mno. Fundi wa leo akipulizia rangi ya kisasa yenye tabaka la juu linalong'aa kama kioo, na akaendeleza mng'ao huo hadi kwenye kona za ndani ya milango, amelitoa gari kwenye historia yake. Si kosa la ufundi. Mkono wake ni mzuri kuliko wa yule wa St. Louis. Amejibu swali ambalo halikuulizwa.

Namba zinavyosema

Sasa tuiname chini ya boneti. Chukua Corvette ya mwaka 1967 yenye injini kubwa ya inchi za ujazo 427. Bloku ya injini hiyo ilimiminwa kwenye kalibu, na kalibu iliacha tarehe juu ya chuma kwa herufi na tarakimu zilizotuna. Herufi ni mwezi: A ni Januari, B ni Februari, C ni Machi, na kuendelea. Ukisoma C 15 7, bloku ilimiminwa tarehe 15 Machi 1967.

Kisha nenda mbele ya injini, upande wa kulia, chini kidogo ya silinda hedi. Pale pana kipande kidogo cha chuma kilichosawazishwa, kipana kama vidole viwili. Hapo kiwanda cha injini cha Tonawanda, New York, kiligonga mhuri wake. T0322JE ina maana injini iliunganishwa Tonawanda tarehe 22 Machi, na JE ni alama ya injini ya nguvu za farasi 435 iliyofungwa giaboksi ya mkono. Pembeni, baadaye, kiwanda cha St. Louis kiligonga tarakimu za mwisho za namba ya chesi.

Jaji anazipanga tarehe hizo kwa mfuatano. Bloku lazima imiminwe kabla injini haijaunganishwa, na injini iunganishwe kabla gari halijakamilika. Kioo nacho kina herufi za mwezi na mwaka. Altaneta ina tarehe, kabureta ina namba. Kimoja kikiwa kimezaliwa baada ya gari lenyewe, kimeingia baadaye. Kikiwa kimezaliwa miaka miwili kabla, kimetoka kwenye gari jingine. Hapo jaji hahitaji kumshutumu mtu, tarehe zimeshasema.

Na kwa kuwa namba zinazolingana huongeza thamani ya gari kwa kiasi kikubwa, wapo wanaozighushi. Mtu huchukua bloku ya mwaka unaofaa, akaisawazisha upya kile kipande cha mhuri, akagonga namba za gari lake. Njia ya mwongo ni fupi. Mashine ya kiwanda iliacha mikwaruzo myembamba iliyonyooka juu ya chuma, ikielekea upande mmoja. Ukisawazisha upya unaiondoa, na kuirudisha jinsi ilivyokuwa ni kazi ngumu mno. Jaji mwenye uzoefu huja na tochi na kioo cha kukuzia, akaimulika kutoka ubavuni ili mikwaruzo ionekane. Anaangalia pia herufi: kama zimepangika sawasawa mno, kama kina chake ni kimoja mno, kama umbo la tarakimu ni la mihuri ya miaka ile.

Lakini namba zina kikomo chake. Zinaweza kukuambia kwamba injini hii ilizaliwa na gari hili. Haziwezi kukuambia kwamba bodi, rangi, ngozi za viti na nyaya ni zile zile. Gari lenye namba zote sahihi linaweza kuwa limebaki na injini tu, mengine yote yakiwa ya jana. Soko limezipenda namba kwa sababu ni rahisi kusoma, na majaji wengi wamelifuata soko. Hapo ndipo ninapotofautiana nao.

Bentley mbele ya mahakama

Mwaka 1990 swali hili lilifika Mahakama Kuu ya Uingereza. Gari lilikuwa Bentley Speed Six lijulikanalo kama Old Number One, lililoshinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1929 na tena mwaka 1930. Mmiliki wake alikubaliana kuliuza kwa kampuni moja kwa pauni milioni 10. Kampuni ikasita, ikidai kwamba gari lililoletwa si lile lililoshinda.

Na kwa kuangalia chuma peke yake, kampuni ilikuwa na hoja. Gari lile lilishindana kwa misimu kadhaa, na kila msimu mafundi walibadilisha kilichochakaa. Liliwekewa injini kubwa zaidi. Mwaka 1932 lilipata ajali mbaya kwenye uwanja wa Brooklands, ambapo dereva Clive Dunfee alifariki. Baadaye likaundiwa bodi mpya kabisa. Sehemu zilizobaki kutoka gari la mwaka 1929 zilikuwa chache mno.

Jaji Otton aliamua kwamba gari lile lina haki ya kuitwa Old Number One. Sababu yake ni ya msingi kwa yeyote anayepima magari. Sehemu mpya ziliingia kidogo kidogo, kwa muda mrefu, gari likiwa hai na likifanya kazi, kiasi kwamba hakuna siku ambayo utambulisho wake ulikatika. Hakukuwa na gari jingine popote lenye madai bora zaidi ya jina hilo. Kilichouzwa kilikuwa chuma pamoja na historia na sifa yake.

Hukumu hiyo imetumiwa vibaya na wengi. Wapo wanaoishika kusema kwamba chuma si kitu, maadamu karatasi zipo. Hawakuisoma vizuri. Mahakama ilikubali mabadiliko yaliyotokea gari likiwa kazini, yakiwa na mfululizo usiokatika. Haikumpa ruhusa mtu wa leo kuchukua sahani ya namba ya chesi na kulijengea gari jipya kuizunguka.

Kuhifadhi kabla ya kukarabati

Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, lilitafuta lugha ya pamoja kwa ajili ya mambo haya. Kitambulisho chake hutolewa kwa magari yenye umri wa miaka 30 au zaidi, na hulipanga gari kwa maswali mawili tofauti. La kwanza: gari ni la aina gani? Ni la kawaida kama lilivyotoka, limebadilishwa enzi zake, ama ni nakala? La pili: limehifadhiwa kwa kiwango gani? Ni halisi, limetunzwa katika hali yake ya kweli, limekarabatiwa, au limejengwa upya? Kuyatenganisha maswali hayo ni hekima kubwa. Gari lililobadilishwa miaka ya 1930 na kiwanda chake, kama ile Bugatti ya mfalme, linaweza kuwa halisi kuliko lile "lililorudishwa" mwaka 2015 kwenye hali ya siku ya kwanza.

Baadaye FIVA ilipitisha Hati ya Turin, iliyojengwa juu ya misingi ile ile ya Hati ya Venice ya mwaka 1964 kuhusu majengo ya kale. Moyo wake ni rahisi: hifadhi kwanza, karabati pale tu panapolazimu, na kila unachokibadilisha kiandike na kiweze kutambulika. Mabadiliko ya enzi za gari ni sehemu ya maisha yake, na hayafai kufutwa kwa kuwa mtu anapenda mwaka mwingine zaidi.

Alikuwepo mtu aliyeyaishi mawazo haya kabla hayajawa maarufu. Daktari bingwa wa upasuaji wa mishipa ya fahamu, Fred Simeone wa Philadelphia, alikusanya magari ya mbio na kuyaacha na makovu yao. Kwenye jumba lake la makumbusho ipo Shelby Cobra Daytona Coupe yenye namba CSX2287, ya kwanza kati ya sita zilizoundwa. Mwaka 2014 ilikuwa gari la kwanza kuingizwa kwenye daftari la taifa la magari ya kihistoria ya Marekani, na kumbukumbu zake zikahifadhiwa kwenye Maktaba ya Bunge. Ingepakwa upya, wapimaji wangepata nini cha kupima zaidi ya kazi ya fundi wa juzi?

Wakati mwingine hata uharibifu wenyewe huwa ndio thamani. Mwaka 2009 wapiga mbizi walitoa kwenye Ziwa Maggiore Bugatti Type 22 iliyokuwa chini ya maji kwa zaidi ya miaka 70. Upande mmoja ulikuwa umeliwa kabisa. Januari 2010 iliuzwa mnadani Paris kwa yuro 260,500, na mnunuzi wake, Peter Mullin wa California, akaionyesha kwenye makumbusho yake kama ilivyotoka ziwani. Angeweza kuijenga upya, na angepata Bugatti nyingine safi. Alitambua kwamba Bugatti safi zipo, lakini iliyokaa ziwani miaka hiyo yote ni moja.

Hata hivyo tusijidanganye: kutu si sifa. Gari lililoachwa mvuani kwa uzembe halina cha kujivunia. Na kwa kuwa uchakavu nao umeanza kupewa alama, wameshaibuka wanaoghushi uchakavu: wanasugua rangi mpya kwa sufu ya chuma, wanafifisha kromu kwa dawa. Jaji atawatambua kwa njia ile ile anayotambulia mhuri wa bandia. Uchakavu wa kweli una sababu: rangi huisha pale mkono unaposhika mlango, ngozi hupasuka pale dereva anapokalia, pedali hulika pale mguu unapokanyaga. Uchakavu uliotapakaa kila mahali kwa kiasi kimoja haukutokana na matumizi.

Uwanja wa Ngong

Kwetu Afrika Mashariki mashindano ya aina hii yana mizizi ya zamani. Africa Concours d'Elegance imefanyika Nairobi tangu mwaka 1970 chini ya klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo, na uwanja wa mbio za farasi wa Ngong umekuwa nyumbani kwake. Wamiliki wa huko hujiandaa kwa miezi, wakilala chini ya gari kusafisha hata sehemu ambazo hakuna abiria atakayeziona.

Magari yetu yanauliza swali la uhalisi kwa namna yake. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mara nne, miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, na 504 ikashinda mwaka 1975 na 1978. Baada ya hapo 504 zikabeba abiria, zikabeba mizigo, zikazeeka barabarani. Iliyofanya kazi miaka thelathini kwenye murram imebadilishiwa springi, imeongezewa kinga ya chini ya injini, imechomelewa keria na fundi wa mjini. Jaji anayeipima kwa kitabu cha kiwanda cha Peugeot cha Sochaux peke yake ataikata alama kwa kila kitu kilichoiwezesha kuishi hapa. Jaji anayejua kazi yake atauliza: hiki kiliwekwa lini, na nani, kwa sababu gani? Kama ni cha enzi yake ya kazi, ni historia ya Afrika Mashariki na kinastahili kubaki.

Hili ni la dharura kwetu kuliko kwa Wamarekani. Wao wana Corvette za 1967 kwa maelfu, na nyaraka za kiwanda juu yake. Sisi magari yaliyosalia na rangi ya kwanza ni machache, na kumbukumbu nyingi zimo kwenye chuma chenyewe: kibandiko cha leseni ya zamani kwenye kioo, jina la wakala kwenye kibati cha nyuma, namba ya mashindano iliyofifia mlangoni. Fundi akianza kukwangua, hivyo ndivyo vinavyotangulia kwenda.

Kwa hiyo karatasi ya jaji ibadilishwe mpangilio. Swali la kwanza liwe ni kipi kilichobaki cha asili, na kipewe alama nyingi kuliko mng'ao. La pili, kilichobadilishwa kimetajwa wazi na mmiliki, pamoja na picha na risiti? Mkweli asikatwe sawa na anayeficha. La tatu, mabadiliko ni ya enzi ya gari au ya juzi? La nne ndilo liwe usafi na uzuri. Mpangilio huo ukiandikwa kwenye karatasi, mmiliki mwenye 504 ya baba yake atajua mapema kwamba kuipeleka gareji ikapakwe upya kutampunguzia alama, na ataanza kwa kupiga picha kila sehemu kabla hajagusa hata bolti moja.